Ushauri: ninunue tuli (ncha ya kukatia) ya almasi kukereza chuma kilichokazwa? (kalibu ya lenzi, niko Mtwara)

Mkereza_Chikongola: Wakuu salaam. Nina karakana hapa Mtwara mjini, kazi zangu nyingi ni shafti, bushi na vipuri vya mashine za kubangulia korosho. Kuna mteja anaunganisha taa za sola, anataka kalibu (umbo la chuma la kutolea plastiki) ya lenzi za akriliki, plastiki angavu, kipenyo milimita 40. Chuma kaleta mwenyewe, kimeshakazwa kwa moto hadi HRC 52 (kipimo cha ugumu), na anataka kitoke kwenye lezi (mashine ya kukereza) kinang'aa kama kioo, bila kupolishi. Kaahidi kuchangia nusu ya bei ya tuli ya almasi. Hiyo nusu yangu tu inatisha! Lezi yangu ni ya kompyuta, mtumba lakini nzima. Natanguliza shukrani.

FundiPua: Usinunue. Almasi na chuma hawaivi chungu kimoja. Wala si suala la ugumu, hata nondo laini itaimaliza. Almasi ni kaboni tupu, na chuma kinapenda kaboni. Pale kwenye makali penye joto na mgandamizo, almasi inageuka grafiti (kaboni laini kama ya penseli) na kaboni yake inaingia ndani ya chuma. Shaba na alumini utakata wiki nzima. Kwenye chuma makali yanakufa upesi mno.

Dada_Shangani: Mbona kuna video wanakata chuma kigumu kwa almasi na kinatoka kioo?

FundiPua: Wapo dada. Shamoto na Moriwaki wa Japani ndio walioonyesha njia hiyo miaka ya 1990. Ncha inatetemeshwa mara zipatazo 40,000 kwa sekunde ikichora duaradufu ndogo sana: inagusa, inachota, inainuka. Muda wa kugusana ni mfupi, kaboni haipati nafasi ya kuhama. Lakini kile kifaa na mashine yake, mkuu wetu wa Chikongola atauza karakana na kiwanja.

Kalibu_Tupu: Viwanda vingi vinazunguka tatizo. Unakereza umbo kwenye chuma, unakichovya kipate ganda la nikeli yenye fosforasi zaidi ya asilimia 10, halafu almasi inakata hiyo nikeli tu, chuma haiguswi. Ukwaruzo wa uso unashuka chini ya nanomita 10 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita). Ubaya wake nikeli inachubuka ukidungia kalibuni plastiki yenye nyuzi za kioo. Akriliki haina shida.

Mzee_wa_Mikindani: Vijana mmesahau joto. Chuma cha milimita 100 kikiongezeka nyuzi 1 tu kinarefuka zaidi ya mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita), wakati wimbi zima la mwanga wa kijani ni kama mikroni 0.55. Karakana ya bati, saa sita mchana Mtwara, na nje malori ya korosho yanashuka bandarini. Hata ukipewa almasi bure, hiyo lezi itachora mawimbi. Kwanza mwanangu, lenzi ni ya kukusanya mwanga au ya kamera?

Mkereza_Chikongola: Shikamoo mzee. Ni ya kutawanya mwanga chumbani tu.

Mzee_wa_Mikindani: Marahaba. Basi mnatesana bure. Kereza kwa ncha ya CBN (mchanganyiko mgumu wa boroni na naitrojeni), hiyo haina kaboni na chuma kilichokazwa ndiyo kazi yake. Kisha polishi kwa mkono: jiwe, msasa 400 hadi 1200, halafu losheni ya almasi ya mikroni 9, 3, mwisho 1. Hapo almasi haina neno, inasugua polepole bila joto. Kila ukishuka hatua, osha kalibu kwa mafuta ya taa, badili kijiti cha mti, badili kitambaa, nawa mikono. Chembe moja ya 9 ikibaki kwenye kucha, utaiona mstari kwenye kila lenzi itakayotoka. Na usikae sana sehemu moja, utachimba shimo.

Kalibu_Tupu: Nakubaliana na mzee. Ukimaliza paka mafuta siku hiyohiyo, upepo wa bahari hapo kwenu haungoji kesho.

Mkereza_Chikongola: Nimewaelewa. Ncha za CBN naagiza Dar. Mteja kashaanza kuuliza kwa nini bei imeshuka, anahisi nataka kumchakachua.

Dada_Shangani: Mtumie huu uzi, hahaha.