Kushuka kutoka pikapu kubwa kwenda ya kati: nani keshafanya?

Kutoka: Baba Mapacha

Wapendwa, habari za wiki.

Naomba mawazo yenu kabla sijasaini kitu. Nina Ford F-150 ya 2018, milango minne, bodi (pale nyuma pa kupakilia mzigo) la futi 5 na nusu, V8 ya lita 5, inavuta tairi zote nne. Miaka yote niliyokaa nayo haijanikosea. Ila tumehamia nyumba yenye gereji, na mama watoto ananiuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tunalipia gereji halafu kila asubuhi ya baridi niko nje nakwangua barafu kwenye kioo. Gari haiingii. Au niseme inaingia, ila ikishaingia hakuna binadamu anayepita.

Nafikiria kushuka kwenye pikapu ya kati: Tacoma, Ranger, Frontier, kundi hilo. Nataka kuokoa mafuta pia, maana kazini kwenda na kurudi ni maili 40. Mzigo wangu si wa kutisha. Kuna trela la mashine za kukata nyasi, mbao mara mojamoja, na kuwahamishia watu makochi (mnajijua). Mapacha wana mwaka na miezi, viti vyao vyote viwili bado vinatazama nyuma.

Kuna kitu sikioni?

Kutoka: Seremala

> Nataka kuokoa mafuta pia

Hapo tusimame kwanza. Mimi nilishuka miaka 3 iliyopita na sijuti, lakini kama ni mafuta ndiyo yanakupeleka, utarudi hapa kulalamika.

Chukua makadirio rasmi ya serikali. F-150 yako, V8, tairi nne, ni maili 18 kwa galoni ukichanganya mjini na barabara kuu. Tacoma ya miaka hiyohiyo, V6, tairi nne, ni 20. Ukienda maili 12,000 kwa mwaka, ya kwanza inakunywa galoni 667, ya pili 600. Tofauti galoni 67. Galoni ikiwa dola 3.50, umeokoa kama dola 235 kwa mwaka, yaani hata dola 20 kwa mwezi hazifiki. Ranger ya 2019, yenye injini ndogo ya tabo, inakwenda 22, hiyo ina nafuu zaidi, lakini bado si pesa ya kubadilishia gari.

Sababu iko wazi ukizisimamisha pamoja. Zote ni ndefu kwenda juu, zote zina uso wa ukuta, na upepo wa barabara kuu hauulizi umenunua saizi gani. Halafu Ford waliitengeneza F-150 kwa mwili wa aluminiamu tangu modeli ya 2015, ikapungua uzito. Ya kati si nyepesi kama inavyoonekana kwa macho.

Sasa mbao, maana hizo ndizo ugali wangu. Shiti moja ya plaiwudi ni inchi 48 kwa 96. Kwenye F-150, kati ya vile vibonge vya kufunika tairi ndani ya bodi, kuna inchi 50 na ushei, shiti inalala chini kama mkeka. Tacoma ya 2016 hadi 2023 ina inchi 41 na nusu. Haishuki. Pikapu nyingi za kati zina mikato ubavuni, unapachika mbao mbili za inchi 2 kwa 6 zikatize bodi, shiti zinakaa juu yake. Mzigo umebeba, ila umenyanyuka na upepo unapita chini yake. Siku yangu ya kwanza nilifunga mkanda mmoja katikati nikajiona fundi. Niko maili 60 kwa saa, naangalia kioo, shiti ya juu inapumua. Inapanda, inashuka, inapanda. Nilitoka njia ya kwanza iliyotokea nikafunga mikanda mitatu, mmoja mbele kabisa ambako upepo unaanzia.

Kwa hiyo kwa nini sijuti? Kwa sababu mkono wangu unafika kwenye mzigo nikiwa nimesimama chini. Kwenye ile kubwa, kuchukua nyundo iliyojikunja katikati ya bodi ilikuwa lazima nipande juu ya tairi. Na naegesha popote. Nilikuwa naacha gari mwisho wa uwanja kama basi la abiria.

Kutoka: Kijana wa Mwisho

Samahani naingilia. Mbona Hilux haiuzwi huku Marekani tukamaliza ubishi?

Kutoka: Seremala

Kuku, mdogo wangu. Ulaya walipandisha ushuru wa kuku kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 60. Rais Johnson akajibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye vitu kadhaa, magari madogo ya mizigo yakiwemo, kuanzia 1964. Vile vingine vilipunguziwa baadaye, wa pikapu ukabaki. Toyota waliileta Hilux huku miaka mingi hata hivyo, wakaiita tu Pickup, mpaka 1995 walipoiweka Tacoma badala yake. Turudi kwenye mada.

Kutoka: Dada Mhasibu

Baba Mapacha, hujasema kama F-150 ina mkopo. Kama unao, piga simu benki uombe kiasi cha kulimaliza deni leo. Si kile unachokiona kwenye taarifa ya mwezi, maana riba inaongezeka kila siku. Kisha chukua bei ya maandishi kwa wanunuzi watatu. Tofauti ya mnunuzi na mnunuzi huwa inashangaza.

Dila (muuza magari) akikuambia "usijali, deni la zamani tutalimaliza sisi", muulize kwa pesa ya nani. Kama deni limezidi thamani ya gari, ile ziada anaichomeka kwenye mkopo mpya, na utakuwa unalipia gari mbili ukiendesha moja.

Mambo mengine yanayosahaulika:

Ukimpa dila gari la zamani kama sehemu ya malipo, majimbo mengi yanakutoza kodi ya mauzo kwenye tofauti tu. California si mojawapo. Kwa hiyo bei ya juu ya mnunuzi wa nje inaweza kumezwa na kodi. Piga hesabu zote mbili.

Kama uliponunua F-150 ulikubali dhamana ya ziada, au ile bima ya kufidia pengo la mkopo, mara nyingi sehemu ambayo haijatumika inarudishwa ukiandika barua ya kusitisha. Hakuna atakayekukumbusha. Mimi nilirudishiwa, lakini niliomba mara tatu, na mara ya tatu nilipeleka barua mwenyewe nikasimama pale kaunta.

Na usitegemee kwamba ya kati ikiwa mtumba itakuwa rahisi. Zinashika bei sana, Tacoma hasa. Unaweza kukuta ya kati na kubwa za mwaka mmoja, maili sawa, zimeachana kwa pesa ndogo tu.

Kutoka: Mzee wa Trela

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote. Kitu kimoja hakijasemwa, nacho ndicho kinachovunja springi za watu.

Msiangalie namba ya tangazo inayosema gari linavuta kiasi gani. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika yenye rangi nyeupe na njano. Inasema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kadhaa. Hiyo ni ya gari hilohilo ulilolishika, si ya ndugu yake aliyeko kwenye picha. Gari mbili za jina moja, mwaka mmoja, moja ikiwa na paa la kioo na viti vya umeme, namba zake hazilingani.

Nilikuwa na ya kati ambayo tangazo lilisema inavuta paundi 6,400. Stika mlangoni ilisema 1,080. Sasa hesabu. Mimi, mke wangu na wajukuu wawili ni 440. Kibanda cha kufunika bodi, 170. Trela la paundi 4,000 linakalia mkia wa gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, tuseme 500. Jumla 1,110. Nimeshapita, na hatujapakia hata birika, na trela lenyewe halijakaribia ile 6,400. Nyuma ilikuwa inakaa chini, taa za mbele zinamulika matawi ya miti, watu wananiwashia taa usiku kucha wakidhani ni ujeuri.

Baba Mapacha, trela lako lina uzito gani likiwa limepakiwa? Usikadirie. Lipeleke kwenye mizani ya malori, ni dola chache.

Kutoka: Baba Mapacha

Shikamoo Mzee. Trela nimelipima: paundi 2,460 na mashine zote, mafuta yakiwa kwenye matangi.

Wengine, asanteni. Jumamosi nimezunguka na tepu ya kupimia, na viti vyote viwili vya watoto kwenye buti la gari la mama watoto. Niwaambie nilichokuta.

Gereji kwanza. Kina chake ni futi 20, inchi 240. F-150 ina inchi 232, inabaki 8, na ukutani kuna tangi la maji ya moto limechomoza. Mlango una futi 8, yaani inchi 96. Gari na vioo vya pembeni vilivyofunguka ni karibu inchi 97. Miezi yote hii nimekuwa nikijilaumu kwamba sijui kulenga, kumbe nilikuwa napigana na hesabu. Tacoma ya milango minne, bodi fupi, ni inchi 212, inabaki nafasi ya kupita na kikapu cha nguo. Ila ukitaka ile yenye bodi la futi 6, inafika 225, na faida yote ya gereji karibu inarudi ulikoitoa. Hilo sikulijua.

Kisha viti. Kwa dila wa kwanza nimefunga kiti kimoja nyuma ya dereva, kikitazama nyuma, kwa pembe inayotakiwa. Nikakaa mbele. Goti langu la kulia likagusa plastiki chini ya usukani kabla hata sijafunga mlango. Muuzaji akaniambia mtoto atakua. Nikamwambia ni kweli, lakini mimi sipungui. Nimerudi nyumbani nikatazama vipimo: nafasi ya miguu ya abiria wa nyuma kwenye F-150 yangu ni inchi 43.6. Tacoma ya 2016 hadi 2023, 32.6. Hizo inchi 11 zinazopungua ndizo kiti kizima cha mtoto. Mafuta niliyahangaikia wiki nzima, kumbe jibu lilikuwa gotini.

Nikajaribu Ridgeline ya Honda, ambayo kwa kweli haikuwa kwenye orodha yangu. Nyuma ina inchi 36.7. Si nyingi, lakini viti vyote viwili vimeingia na mimi nimekaa kama mtu. Urefu inchi 210. Seremala, bodi lake kati ya vibonge ni inchi 50, plaiwudi inalala chini. Sakafuni mwa bodi kuna buti lenye kufuli. Inavuta mwisho paundi 5,000, trela langu ni nusu ya hapo. Stika ya mlangoni nimeisoma kwa sauti mbele ya muuzaji: 1,500 na kidogo. Mimi, mama watoto, mapacha na viti vyao, na asilimia 15 ya trela, hata 900 haifiki. Mafuta, maili 21 kwa galoni, Seremala, usiseme kitu.

Dada Mhasibu, deni limebaki dogo, gari lina thamani zaidi. Barua ya kusitisha dhamana nimeshaiandika.

Kutoka: Kijana wa Mwisho

Kaka, hiyo si pikapu. Ni Pilot, lile gari la familia la Honda, iliyovua shati nyuma.

Kutoka: Seremala

Mwache. Kijana anaendesha sedani, kochi lake nililihamisha mimi.

Baba Mapacha, chaguo zuri kwa kazi yako. Wasiwasi wangu mmoja tu: bodi lina futi 5 na kidogo, kwa hiyo mlango wa nyuma wa bodi utakuwa wazi kila ukibeba shiti, na bado zitachomoza. Nunua kitambaa chekundu ukiache ndani ya lile buti. Na ile siku moja ya mwaka utakapohitaji kubeba kifusi au friji mbili, kodisha kubwa kwa saa chache. Mimi ndivyo ninavyofanya, na gari la kukodi halinililii kuoshwa.

Kutoka: Mzee wa Trela

Marahaba mwanangu. Kupima umepima vizuri. Sasa jambo dogo: kile chuma ulichokuwa unachomeka nyuma ya F-150 kushikia mpira wa trela (lile tufe la chuma), usikihamishe. Kilitengenezwa kushuka kwa sababu gari lilikuwa juu. Hili liko chini zaidi, ukikitumia trela litainamisha pua na uzito utazidi kwenye mkia wa gari. Trela lisimame sawa na ardhi. Ninacho kilichonyooka, kiko kwenye ndoo stoo, njoo ukichukue. Mpira wako ni inchi 2 au 2 na 5/16? Imechapwa juu ya kikombe cha trela, kile kinachofunika mpira.

Kutoka: Baba Mapacha

Inchi 2, nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Nije Jumamosi saa nne asubuhi?

Kutoka: Mzee wa Trela

Njoo saa tatu. Saa nne nina wajukuu.