Ruhusa yenye malipo kwa mzazi anayeitwa kikao cha shule

Swali: Habari za kazi, ndugu zangu. Kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu kimepangwa Jumatano asubuhi, na mwajiri anasema atanikata mshahara wa siku hiyo. Je, sheria ya Tanzania Bara inanilinda?

Jibu 1: Si moja kwa moja, ndugu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau siku 4 zenye malipo mtoto anapougua au kufariki, lakini kikao cha shule hakimo. Omba siku moja itolewe kwenye likizo yako ya mwaka, ambayo ni siku 28.

Jibu 2: Omba kwa maandishi, ukiambatanisha barua ya mwalimu. Mimi nilikubaliwa kufidia saa hizo Jumamosi, ingawa sielewi kwa nini vikao vyenyewe visiwe Jumamosi.