Niandike nini kwenye jarida la chama cha walimu wa Kiingereza ikiwa sina utafiti?

Mwalimu wa Jioni
Habari zenu walimu. Chama chetu kinakusanya habari za madarasani kwa toleo lijalo la jarida la wanachama. Maneno 600, mwisho Ijumaa ijayo.

Nafundisha watu wazima, na wengi lugha zao, kama Kiswahili chetu chenye "yeye" kwa wote, hazitofautishi "he" na "she". Miaka nimesahihisha: "My mother, he is a nurse." Nasema "She!" Anaitikia "She." Dakika mbili hazipiti, "he" imerudi.

Muhula huu nimeacha kumkatiza mtu. Wanakaa wawili wawili, wamepeana mgongo. Mmoja ana picha ya mwanamume na mwanamke kituoni, mmoja analia, mwingine anasoma. Anasimulia bila kutaja "man" wala "woman", mwenzake anachora. Akiteleza kwenye "he", mchoro unatoka kinyume. Juzi mama mmoja aligeuka, akaona kwenye karatasi ya mwenzake mwanamume ndiye anayelia. Akashika mdomo: "No, no! She! She is crying!" Mimi nilikuwa upande wa pili wa darasa, sijatamka neno.

Lakini nina wanafunzi 14 tu, sina takwimu. Tena makala niliyowahi kupeleka kwingine ilirudishwa, eti Kiingereza changu si cha mzawa. Bado inaniuma. Nitume hii?

Chaki na Kifutio
Tuma, mwalimu! Hapa si TESOL Quarterly, jarida la utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, linalotoka tangu 1967 na kutaka marejeo na wahakiki. Jarida la wanachama ni walimu kuambizana. Ila anza na huyo mama aliyeshika mdomo. Mimi nalisoma nikisubiri kengele, na aya ya kwanza ikiwa ya nadharia huwa sifiki ya pili. Eleza pia pale zoezi lilipokwama, maana hapo ndipo na mimi nitakapokwama nikilijaribu.

Bi Sarufi
Naunga mkono, kwa tahadhari moja. Usiandike kwamba wameacha kukosea. Kwenye picha akili yote iko kwenye "he" na "she". Mtu akianza kusimulia msiba wa kwao, akili iko kwenye msiba, na kosa linarudi. Wasikilize wakiongea yao kwanza, ndipo uandike. Na mwombe huyo mama ruhusa, hata kama humtaji jina. Ni habari yake.

Mzee wa Kamusi
Pole kwa hilo la mzawa, mwalimu. Chama cha TESOL chenyewe, kile cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, kilitoa tamko mwaka 2006 kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hata ile mizani ya Baraza la Ulaya ya kupima uwezo wa lugha, A1 hadi C2, iliyotoka 2001, ilipofanyiwa marekebisho na kitabu chake kutoka 2020, vipimo vyake viliacha kumtaja mzawa. Mhariri akuulize kama sentensi inaeleweka. Isipoeleweka, mtairekebisha pamoja. Nakuambia pia kwamba hilo zoezi umeliona kwa sababu wewe mwenyewe uliwahi kujifunza "he" na "she" ukubwani. Liandike hilo.

Mwalimu wa Jioni
Asanteni sana, ndugu zangu. Bi Sarufi, jana nilifanya ulivyosema: nikawaacha wasimulie habari za ndugu zao, bila picha. Kati ya saba waliosimulia, wanne walirudi kwenye "he" kwa dada na mama zao. Mmoja wao alisimama katikati, akarudi nyuma, "my sister, he... she works", akaendelea. Nimeyaandika yote hayo, pamoja na hao watatu ambao hawakujisahihisha. Yule mama ameruhusu, na ameniomba niweke na ule mchoro. Nampelekea mhariri usiku huu.