Wafle za chachu iliyobaki: kulaza mchanganyiko usiku kucha, kukoroga asubuhi, au kutumia chachu peke yake?

Mpishi wa Sakina (Arusha)

Wanajamvi, habari zenu. Anayelea chachu kwa ajili ya mkate (unga na maji vilivyoachwa vichachuke vyenyewe, si hamira ya dukani) hulazimika kupunguza sehemu yake kila anapoilisha kwa unga na maji mapya, maana asipofanya hivyo chombo hufurika, na unga wa kuilisha huongezeka kila mara. Kinachopunguzwa ni unga mzuri wa ngano uliokwisha kuchachuka, na kuumwaga mimi siafiki hata kidogo. Kwa muda sasa ninauokea wafle, yaani vile vikate vyenye vishimo vinavyookwa kwenye mashine kati ya vyuma viwili vya moto, na ningependa tulinganishe njia tatu ninazozifahamu. Chachu yangu ni ya unga na maji kwa uzito ulio sawa, na hukaa kwenye friji hadi wiki moja bila kulishwa.

Ya haraka kuliko zote ni kutumia chachu peke yake bila kuongeza unga. Unachukua gramu 250 za chachu, yai moja, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, kijiko kimoja cha sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na mwishoni kabisa nusu kijiko cha chai cha bekingi soda. Kwa dakika chache unakuwa umekwisha kuoka. Hasara yake ni kwamba wafle hutoka nyembamba, ndani zinakuwa na unyevunyevu na kuvutika kama mpira, na ikiwa chachu ni ya siku nyingi, ukali wake hausitiriki.

Njia ya pili ni kukoroga kila kitu asubuhi: gramu 150 za chachu, gramu 150 za unga, mililita 200 za maziwa, mayai mawili, siagi iliyoyeyushwa, na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Wafle huumuka vizuri na kuwa laini. Hata hivyo, kwa maoni yangu chachu haifanyi kazi yoyote hapo zaidi ya kushika nafasi ya sehemu ya unga na maziwa, na mlaji hawezi kutambua kuwa imo.

Ya tatu ndiyo ninayoipendelea. Usiku nachanganya gramu 200 za chachu, gramu 200 za unga, mililita 400 za mtindi uliolegezwa kwa maji kidogo, na vijiko viwili vya sukari, kisha nafunika bakuli na kuliacha mezani. Asubuhi uso wa mchanganyiko huwa umejaa mapovu madogo, na ukiuchota kwa mwiko unaona umefungana kwa nyuzi nyepesi huku ukinukia mtindi na ngano. Hapo ndipo natia mayai mawili yaliyopigwa, mafuta robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, na bekingi soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Soda ikikutana na asidi ya chachu na ya mtindi, mchanganyiko hufura papo hapo, na sharti uokwe wakati huo huo kabla gesi haijapotea. Wafle zake hukauka nje, ndani zina vinyweleo, na uchachu unabaki kwa mbali tu.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba chachu iliyokaa sana kwenye friji huwa imedhoofika. Asidi imekwisha kulegeza nyuzi za ngano (gluteni, zile zinazofanya unga uliokandwa uvutike), na ndiyo maana haiwezi tena kuinua mkate peke yake. Kwa mkate hilo ni tatizo, lakini kwa wafle ni faida, kwa sababu hatutaki ugumu wa nyuzi hizo. Ikipewa unga mpya na usiku mmoja, inapata tena nguvu ya kutosha. Naomba walio katika joto la pwani waniambie kama haya yanawezekana kwao, kwani usiku wa Arusha ni wa baridi.

Binti Kisauni (Mombasa)

Dada Mpishi, ahsante kwa maelezo yaliyonyooka. Yanawezekana, ila si kwa saa zako. Hapa kwetu mchanganyiko ukiachwa mezani tangu baada ya isha hadi alfajiri, unapanda, unashuka wenyewe, na kufikia asubuhi umekuwa mwepesi kama uji na mkali mno. Mimi huuacha mezani mpaka mapovu ya kwanza yaonekane kwenye kingo za bakuli, jambo ambalo katika miezi ya joto halichukui hata saa mbili, kisha nauweka kwenye friji hadi asubuhi. Vilevile napunguza chachu hadi gramu 100 na kuongeza unga na mtindi kidogo ili uzito ubaki ule ule. Chachu kidogo hufanya kazi polepole, na katika joto letu upole huo ndio tunaouhitaji.

Jambo la pili ni tui. Wengi huku hupenda kutumia tui la nazi badala ya mtindi, tena pamoja na iliki iliyotwangwa, na ladha yake inafaa kabisa. Lakini tui halina asidi kama mtindi. Ukitia kijiko kizima cha soda, sehemu kubwa yake haitapata cha kuungana nacho, na wafle zitakuwa na ladha ya sabuni na rangi ya hudhurungi iliyopita kiasi. Kwa mchanganyiko wa tui, nusu kijiko cha soda kinatosha, na kama unahitaji kuinuka zaidi, ongeza kijiko kimoja cha chai cha bekingi pauda, ambayo ina asidi yake yenyewe.

Kaka wa Matonge (Brussels)

Nawasalimu wote. Mimi ni mtu wa Bukavu ninayeishi Ubelgiji, na ningependa kuongeza hoja moja. Wafle ya Brussels, ile ya mstatili yenye vishimo virefu, kwa asili huinuliwa kwa hamira na ute wa mayai uliopigwa hadi ukasimama, wala si kwa soda. Ile ya Liège ni jambo jingine kabisa: ni donge zito la hamira na siagi nyingi, lenye punje kubwa za sukari zinazoyeyuka na kuungua kidogo kwenye chuma. Hata Wamarekani waliozipenda wafle hizi kutokana na Maurice Vermersch, Mbelgiji aliyeziuza pamoja na stroberi na malai katika maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1964, walikuwa wanakula wafle za hamira.

Kwa hiyo, Dada Mpishi, njia yako ya tatu iko karibu na asili kuliko zile mbili nyingine, na hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni kuiita soda ya lazima. Mtu akiilisha chachu mchana, akaichanganya jioni ikiwa imeumuka hadi kileleni, na asubuhi akatenga ute wa mayai, akaupiga, kisha akauingiza kwa kukunja polepole kwa mwiko mpana, atapata wafle nyepesi zaidi. Uchachu utakuwa bayana, ni kweli, lakini ukiweka siagi na matunda juu yake, uchachu huo ndio unaokata utamu.

Mpishi wa Sakina

Kaka, nakubaliana nawe kuhusu ute wa mayai, nao unaweza kuingizwa katika njia yoyote kati ya hizi. Lakini ulichoeleza kinahitaji chachu iliyolishwa na iliyo hai, ilhali swali letu ni kuhusu chachu inayobaki. Nikiilisha kwanza, nimetumia unga mwingine ili nisipoteze ule wa mwanzo. Kwa chachu iliyokwisha kudhoofika, soda ina kazi mbili ambazo ute hauwezi kuzifanya: inapunguza asidi iliyozidi, na inasaidia wafle kupata rangi, kwa sababu mchanganyiko wenye asidi kali hubaki mweupe hata ukiokwa kwa muda mrefu.

Mama Zuwena (Minneapolis)

Wapendwa, mmeiacha haraka mno ile njia ya kwanza, nami nataka kuitetea. Sisi tunaowaamsha watoto alfajiri kwenda shule, wakati nje kuna theluji, hatukumbuki kila usiku kuchanganya unga. Chachu iko kwenye friji, mayai yapo, na kifungua kinywa kinatakiwa sasa hivi.

Ule uvutikaji anaousema Dada Mpishi una dawa. Ongeza vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mahindi, ule mweupe laini unaotumiwa kuifanya supu iwe nzito, kwa kila gramu 250 za chachu. Wanga hauna nyuzi za ngano, na ndio unaokausha ganda la nje. Tumia mafuta badala ya siagi, kwa kuwa siagi ina maji ndani yake, na ongeza kijiko cha tatu. Kisha usiiamini taa ya mashine. Tazama mvuke unaotoka pembeni: mwanzoni ni mwingi, halafu unapungua, na unapokuwa karibu kwisha ndipo wafle imeiva. Anayefungua mashine mvuke ukiwa bado unafoka, wafle yake hupasuka katikati, nusu ikibaki juu na nusu chini.

Na tafadhali msizipange wafle moja juu ya nyingine kwenye sahani zikiwa za moto. Mvuke wa iliyo chini huilowesha ya juu, na kazi yote inapotea. Ziweke kwenye waya wa kupozea keki, au ndani ya oveni iliyowashwa kwa nyuzi 90 hivi za Selsiasi.

Mgeni wa Dodoma

Nawashukuru nyote. Mimi ni mgeni katika mambo haya na nina maswali mawili. Chachu yangu imetengeneza maji ya kijivu juu yake baada ya kukaa kwenye friji. Je, inafaa kwa wafle? Na je, ninaweza kutia mayai usiku huo huo ili asubuhi nioke tu?

Binti Kisauni

Ndugu Mgeni, maji hayo ni dalili kwamba chachu ina njaa. Yakoroge yarudi ndani au yamwage kama hutaki ukali mwingi, kisha endelea. Usichopaswa kutumia ni chachu yenye michirizi ya rangi ya waridi au ya chungwa, au yenye ukungu. Hiyo itupwe yote, na chombo kioshwe kwa maji ya moto. Mayai usiyatie usiku ikiwa mchanganyiko utakaa mezani, hasa katika joto. Soda nayo ingoje asubuhi, kwani ukiitia usiku gesi yote itakuwa imekwisha toka kabla mashine haijapata moto.

Mpishi wa Sakina

Nimejaribu wanga wa Mama Zuwena leo, na ninaondoa nusu ya lawama zangu juu ya njia ya kwanza: ganda limekauka vizuri sana, ingawa ndani bado hapafikii pale pa kulaza usiku. Kwa siku za kazi nitaitumia hiyo, na Jumamosi nitalaza. Mama, je, hizi zinahifadhika?

Mama Zuwena

Zinahifadhika vizuri. Ziache zipoe kabisa juu ya waya, zigandishe zikiwa zimetandazwa kwenye trei bila kugusana, ndipo uzitie kwenye mfuko. Asubuhi unaziingiza kwenye tosta moja kwa moja kutoka kwenye barafu, bila kuziyeyusha kwanza. Usitumie maikrowevu, kwa maana huzilainisha zikawa kama mkate uliolowa. Zile za kulaza usiku hustahimili barafu kuliko za chachu peke yake, kwa hiyo hiyo Jumamosi yako, mwanangu, oka maradufu.