R6 Mark II mkononi: manyuali, YouTube au nimfuate mtu wa studio?

mkazi_igoma
Wakuu habari za jioni. Nimekaa na kamera ya Canon 700D tangu nipo chuo pale SAUT, sasa nimechukua EOS R6 Mark II, yuzdi lakini iko safi, shida menyu zake zinanipa kizunguzungu, yaani fokasi peke yake ina kurasa na kurasa. Mwezi ujao nina send-off Nyegezi na sitaki nikaanze kutafuta vitufe mbele ya mashangazi. Ninavyoona, ama nikomae na manyuali ya PDF, ama niangalie YouTube mpaka bando likate, ama nimfuate braza mmoja mwenye studio maeneo ya Makoroboi hapa Mwanza, kasema nitembee naye wikiendi nimbebee taa ila yeye anatumia Sony A7 IV. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

Mzee wa Flashi
Ng'wanawane hongera. Nenda na huyo wa studio na wala usijali kwamba kamera yake ni Sony. Vitufe vyake achana navyo, wewe angalia anavyomtoa bibi harusi kwenye jua la saa saba na kumsogeza kivulini, anavyoelekeza flashi kwenye dari jeupe, anavyoupanga ukoo mzima bila kugombana na mtu. Hayo kwenye PDF hayamo. Apecha (tundu la lenzi), shata (kasi ya kupiga) na ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ni zilezile za 700D yako kwa hiyo usijione unaanza darasa la kwanza.

dada_capripoint
Mzee shikamoo. Nakubali nusu tu. Akienda kubeba taa wikiendi nzima kamera yake si itakaa begini? Na kilichobadilika kwenye hizi mirrorless (kamera zisizo na kioo ndani) siyo mwanga, ni fokasi. 700D ina pointi 9 basi, hii inatafuta jicho la mtu yenyewe karibu fremu nzima, na usipoiambia unamtaka nani itamng'ang'ania MC wakati bibi harusi anakata keki. Mimi nasema manyuali, ila SIYO kuisoma kama riwaya. Weka PDF kwenye simu, fungua sehemu ya AF (fokasi ya oto) peke yake, soma kitu kimoja, toka nje kijaribu, ndo urudi kwa kingine. Haili bando na hakuna anayekuambia subscribe kwanza. Anza na hiki: itoe fokasi kwenye kitufe cha shata uihamishie AF-ON kule nyuma, kidole gumba kifanye kazi. Mwanzoni utachukia.

mnandi_wa_ziwani
Wote mnasahau kwamba fokasi ya kufuatilia haisomwi wala haibebewi taa, inataka kitu kinachokimbia. Asubuhi nenda mwaloni Kirumba kuna mwewe na makorongo wanagombea utumbo wa samaki, waombe ruhusa kwanza wanaofanya kazi pale wasije wakakudhania mwandishi wa habari, halafu weka Servo AF (fokasi inayomfuata anayesogea), ichague itambue wanyama (ndege wamo humohumo), shata 1/2000 kwenda juu, ISO iachie oto. Ukimuweza mwewe, bibi harusi anayeingia ukumbini kwa madoido ni mteremko. Mtihani wenyewe ni mdiria wale weusi kwa weupe upande wa kisiwa cha Saanane, anasimama hewani anapiga mabawa unasema huyu nimempata, ukibonyeza keshachoma majini.
Na usikimbilie zile fremu 40 kwa sekunde, hiyo ni shata ya kielektroniki (isiyo na pazia linalosogea), utarudi nyumbani na rundo la picha za mikia ukeshe unafuta. Ya mekanika inatoa 12, zinatosha kabisa.

fundi_nyakato
Hapo kwa shata ya kielektroniki niongezee maana ndo itakayomuumiza kwenye send-off. Kanisani ni raha, haina kelele, padri hageuki. Ila ukumbini kwenye taa za LED inaweza kukuletea mistari mistari kwenye picha na hiyo huitoi kwa kuediti. Tumia mekanika, washa anti-flika (kinga ya taa zinazopepesa). Umeme wetu ni Hz 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo anza na 1/100 au 1/50. Hapa ndo YouTube inapowapoteza watu, wengi mnaowaangalia wako Marekani kwenye Hz 60, anakuambia 1/60 au 1/120 na kwake yuko sahihi, wewe uko Nyegezi. Taa za rangi za DJ zina mambo yake, fika mapema upige za majaribio.

mkazi_igoma
Wabeja sana, hilo la Hz sijawahi kulisikia popote. Sasa lenzi ninazo za zamani, 18-55 ya kwenye 700D na 50mm 1.8, adapta ya kuzifunga kwenye hii nishaagiza. Zitafaa?

fundi_nyakato
50 ni EF (ya sensa kubwa kama ya R6), piga nayo kazi bila wasiwasi. Ile 18-55 ni EF-S (ya sensa ndogo kama ya 700D), kamera itakata fremu ubaki na karibu megapikseli 9 kati ya 24, yaani unakuwa chini ya 700D yako yenye 18. Ya kuzoelea vitufe sawa, kwa kazi ya kulipwa azima nyingine.

dada_capripoint
Kitu kingine kaka, gauni jeupe na ngozi yetu. Kamera ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso unazama. Uzuri wa hii kidirishani unauona mwanga kabla hujapiga, so zungusha kompeseni (ya kuongeza au kupunguza mwanga) mpaka uso ukae sawa huku unacheki histogramu (grafu ya mwanga) gauni lisiungue. Ukifunga flashi isiyo ya Canon halafu ukaona giza kidirishani usipaniki, zima ile simulesheni ya mwanga.

Mzee wa Flashi
Na apige RAW (faili ghafi, siyo JPEG), shela likiungua kidogo linarudi.

mkazi_igoma
RAW nimejaribu jana mzee, Lightroom 6 yangu ya kuediti inazikataa zote.

dada_capripoint
Lazima ikatae, hizo ni CR3 (aina mpya ya RAW za Canon) na Lightroom 6 iliachwa kusasishwa kabla CR3 hazijatoka. Pakua programu ya Digital Photo Professional kwenye tovuti ya Canon, ni bure. Kwenye laptop ya zamani itakuwa nzito lakini inafungua.