Naomba ushauri: daktari anayetufundisha wodini amechoka kupita kiasi

Ndugu wanachama, mimi ni mwanafunzi wa udaktari hapa Nairobi, na naomba ushauri kuhusu daktari bingwa anayetufundisha, ambaye siku hizi hutoka zamu ya usiku moja kwa moja hadi raundi ya asubuhi, akapita vitandani bila kutuuliza swali wala kusahihisha jinsi tunavyompima mgonjwa. Simlaumu, kwani hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu wa namna hii kuwa hali itokanayo na kazi (naye ni mwalimu hodari akiwa amepata usingizi wa kutosha). Ninachohofia ni kwamba tunaiga haraka yake badala ya ustadi wake. Je, nimwendee faraghani, au tumweleze mkuu wa idara, na kwa maneno gani yasiyomharibia jina?