Kuvu ya ubongo kwa wanyama wa maabara: tuache, au tuache tu kusubiri wafe?

Wadau, karibuni tubishane. Kuna hoja inayorudi kila mara: kumwambukiza mnyama kuvu ya ubongo kwa makusudi ni ukatili, upigwe marufuku. Marufuku siiungi mkono, lakini watetezi wa maabara nao wananikera.

Mchukueni sungura. Joto la mwili wake hufika nyuzi 39, na kriptokokasi, kuvu tunayoizungumzia hapa, hailipendi joto hilo. Kwa kawaida asingeugua. Kwa hiyo huchomwa kotizoni kushusha kinga, kisha kuvu hudungwa kisogoni, kwenye maji yanayozunguka ubongo. Baadaye maji hayohayo huvutwa kwa sindano, tena na tena, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, zihesabiwe kuvu zilizobaki. Haipendezi kutazama. Ila ndivyo unavyojua dawa inaua kwa kasi gani humo ndani. Kisahani cha maabara hakikwambii, maana dawa nyingi zikitoka kwenye damu hukwama mlangoni mwa ubongo.

Faida ipo. Majaribio ya wanyama yalionyesha mapema kwamba amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, ikiwa imefungwa kwenye chembe za mafuta hukaa vizuri ubongoni. Mwaka 2022, baada ya jaribio kwa wagonjwa wa Botswana, Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini, WHO ikapendekeza dozi moja kubwa ya dawa hiyo, pamoja na vidonge, kwa wenye VVU.

Sasa sertralini, dawa ya sonona. Kwa panya ilipunguza kuvu. Kwa wagonjwa Uganda haikuokoa maisha, jaribio likasimamishwa. Kwa hiyo mtu asinitupie "panya alipona" akadhani kamaliza.

Ninachopinga mimi ni kusubiri kifo. Panya mgonjwa hukonda, manyoya husimama, utosi huvimba kama kuba, mwishowe anazunguka palepale. Kwangu hapo ndipo apumzishwe, yaani auawe bila maumivu. Kumwacha afe peke yake usiku ili tu jedwali lipate tarehe ni uvivu wa kupanga utafiti.

Nyongeza: mdau kauliza kwa nini tusitumie lava (kiwavi) wa nondo, yule mdudu, badala ya sungura na panya. Hutumika, na huvumilia nyuzi 37 kama za mwili wetu. Lakini hana seli za kinga ziitwazo CD4, zilezile zinazomwishia mgonjwa wa UKIMWI. Lava atumike kuchuja dawa mbovu mapema, ili sungura watakaofikiwa wapungue. Anayeona hata hao wachache ni wengi, aseme dawa ijaribiwe kwanza kwa nani.